Tatizo liko Pemba, kanuni iko Geneva: namna ya kumpata mwenye kanuni za mawasiliano

Redio ya kijamii ya kaskazini Pemba inasikika vizuri mchana, usiku inamezwa na kituo cha ng'ambo ya bahari. Nyumba ya wageni Mji Mkongwe imevutiwa faiba mpya, na kila wiki mtandao unakatika. Kampuni ndogo ya intaneti Chake Chake imeishiwa anwani za kuwapa wateja. Mambo haya matatu watu huyaita kwa jina moja, "tatizo la mtandao", na mara nyingi huishia barazani au kwenye meza ya ofisi isiyohusika. Kila moja lina mwenyewe. Kuna chombo cha kimataifa kilichoandika kipimo ambacho fundi alipaswa kukifuata, na ukikijua chombo hicho unapata vitu viwili kwa pamoja: jibu la kiufundi, na mlango wa kupitishia malalamiko au pendekezo lako.

Mwongozo huu ni kwa mafundi, watu wa redio, wenye kampuni ndogo za intaneti, na wanafunzi wa SUZA na Taasisi ya Karume wanaotaka kuzitumia kanuni hizo kwa kazi halisi.

Anza na swali: kilichoharibika ni nini?

Kama ni mawimbi ya hewani (redio, televisheni, mikrowevu, setilaiti, redio za vyombo vya baharini), mwenye kanuni ni ITU, Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, kupitia kitengo chake cha redio, ITU-R. Kama ni faiba, nyaya za simu, namba za simu au ubora wa sauti, ni shirika hilohilo kwa kitengo cha viwango, ITU-T. Kitengo cha tatu, ITU-D, kinashughulikia maendeleo: vijiji visivyo na mtandao, mafunzo, takwimu.

Simu ya mkononi ina watu wake. Jinsi simu na mnara zinavyozungumza, kuanzia 3G hadi 5G, huandikwa na 3GPP, ushirika ulioanza 1998 ambao leo unaundwa na mashirika saba ya viwango ya Ulaya, Marekani, China, Japani (mawili), Korea na India. Namba ya utambulisho wa simu yenyewe, IMEI, inasimamiwa na GSMA, umoja wa makampuni ya simu wenye makao yake London. Wi-Fi na nyaya za Etherneti ni kazi ya IEEE. Lugha ya intaneti yenyewe huandikwa na IETF, anwani za IP za Afrika hugawiwa na AFRINIC huko Mauritius, na majina ya tovuti yapo chini ya ICANN. Plagi, nyaya za umeme na usalama wa vifaa ni IEC.

Kosa la kawaida ni kuchanganya Wi-Fi na laini. Mgeni akilalamika chumbani kuwa "5G haifiki", mara nyingi anasoma jina la Wi-Fi ya gigahezi 5 kwenye ruta. Hilo ni jambo la IEEE na la ukuta mnene wa mawe na chokaa. Halihusiani na mnara wa simu, na kampuni ya simu haiwezi kulitatua hata ikitaka.

Mkataba na mapendekezo si kitu kimoja

ITU ilizaliwa Paris tarehe 17 Mei 1865 kwa ajili ya telegrafu, na ndiyo sababu siku hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa siku ya mawasiliano duniani. Zanzibar haikukaa mbali na habari hizo: mwaka 1879 waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulifika hapa kutoka Aden ukielekea Durban. ITU ikawa wakala wa Umoja wa Mataifa mwaka 1947, na makao yake yapo Geneva.

Nyaraka zake ni za aina mbili. Kanuni za Redio ni mkataba: nchi iliyotia saini imefungwa nazo. Mapendekezo ya ITU-R na ITU-T, kama lilivyo jina lake, ni ya hiari hadi sheria ya nchi au mkataba wa kazi uyataje. Kwa hiyo ukimpa mkandarasi kazi ya kuvuta faiba, usiandike "faiba bora ya kimataifa". Andika namba ya pendekezo, kundi lake dogo na toleo lake, kwa mfano "ITU-T G.657.A2, toleo linalotumika siku ya kusaini". Bila hivyo huna cha kumdai.

Kwa Zanzibar kuna jambo la kulielewa kabla ya kuandika barua yoyote. Posta na simu ni mambo ya Muungano, kwa hiyo mwanachama wa ITU ni Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na mamlaka ya masafa na leseni za mitandao ni TCRA, ambayo ina ofisi ya kanda Zanzibar. Utangazaji ni tofauti: leseni ya kituo cha redio au televisheni inatoka Tume ya Utangazaji Zanzibar, lakini masafa yake yanatoka TCRA. Ubora wa bidhaa zinazoingia sokoni ni wa Taasisi ya Viwango Zanzibar, ZBS. Anayeshughulikia upande mmoja akasahau wa pili hujikuta ana leseni bila masafa, au masafa bila leseni.

Kuzipata nyaraka bila kulipa

Hapa wengi hukata tamaa mapema bila sababu, wakidhani kila kiwango kinauzwa. Mapendekezo ya ITU-T na ITU-R yanapakuliwa bure kwenye tovuti ya ITU, na Kanuni za Redio pia. Nyaraka za 3GPP, ETSI (shirika la viwango la Ulaya) na IETF ni bure. Viwango vya Wi-Fi na Etherneti vya IEEE hutolewa bure baada ya muda fulani tangu kuchapishwa, ukijisajili. Vinavyouzwa hasa ni vya ISO na IEC. Kabla ya kununua, uliza ZBS kama wanacho cha kusomwa pale.

Ukifungua ukurasa wa pendekezo, angalia mambo mawili kwanza. La kwanza ni hali yake: linatumika, au limeshapitwa na toleo jipya. Injini za utafutaji hupenda kuleta toleo la zamani kwa sababu limetajwa zaidi. La pili ni mwezi na mwaka ulioandikwa kwenye mabano baada ya namba, kwani mafundi wawili wanaobishana mara nyingi kila mmoja ameshika toleo lake. Kisha soma sehemu ya "upeo", yaani kurasa mbili za mwanzo, kabla hujarukia majedwali. Inakuambia pendekezo halihusu nini.

Katika 3GPP, namba za mwanzo zinakuelekeza: mfululizo wa 36 ni redio ya 4G, wa 38 ni redio ya 5G.

ITU ina lugha rasmi sita: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Kiswahili bado. Wazanzibari waliosoma Kiarabu vizuri wana faida hapa, maana mapendekezo mengi muhimu yametafsiriwa. Nyaraka za kazi za vikao, hata hivyo, ni Kiingereza karibu zote.

Mawimbi juu ya bahari: hesabu ambayo haikwepeki

Kiungo cha mikrowevu kati ya Unguja na Pemba ni mtihani mgumu, kwa sababu kinapita juu ya maji matupu katika hali ya hewa ya joto na unyevu. Pendekezo la kushika ni ITU-R P.530. Tuchukue kiungo cha kilomita 50 kwa masafa ya 7 GHz, na tupime katikati ya njia, kilomita 25 kila upande.

Kwanza nundu ya dunia. Zidisha 25 kwa 25, upate 625. Gawa kwa 12.75 mara k. Herufi k inawakilisha jinsi hewa inavyoyapinda mawimbi. Thamani ya kawaida ni 4/3. Kwa hiyo 625 ÷ 17 = mita 36.8. Maana yake, katikati ya mlango wa bahari, maji yameinuka karibu mita 37 kuliko mstari wa moja kwa moja kati ya ufukwe na ufukwe.

Pili, eneo la Fresnel, yaani kitumbo cha nafasi ambacho mawimbi yanakihitaji pande zote za mstari. Nusu kipenyo chake katikati ni 17.3 mara kipeuo cha pili cha 625 ÷ (7 × 50), ambacho ni mita 23.1.

Mafundi wengi hufundishwa kuwa asilimia 60 ya eneo hilo inatosha, wakaongeza mita 13.9 juu ya 36.8, wakapata mita 51 na kuridhika. Kwa nchi za joto hesabu hiyo peke yake haitoshi. P.530 inataka ufanye hesabu mbili halafu uchukue inayodai mnara mrefu zaidi. Ya kwanza: eneo zima la Fresnel kwa k ya kawaida, yaani 36.8 + 23.1, karibu mita 60. Ya pili: kwa njia ndefu zaidi ya kilomita 30 hivi katika nchi za joto, asilimia 60 ya eneo kwa k ya chini, ile ambayo hewa haishuki chini yake ila kwa asilimia 0.1 ya muda. Kama k hiyo ni 1, nundu inapanda hadi mita 49, ukiongeza 13.9 unapata karibu mita 63. Tofauti kati ya 51 na 63 ndiyo tofauti ya kiungo kinachofanya kazi mwaka mzima na kinachoanguka wakati wa malelezi.

Hesabu hizi ni kutoka usawa wa maji, na maji hayatulii. Wakati wa bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa katika pwani zetu inafika mita 4 hivi. Pima kutoka kwenye maji yaliyojaa kabisa, kisha ongeza urefu wa chombo kirefu zaidi kinachopita njia hiyo. Kama antena zote mbili zina kimo sawa, kila moja inahitaji takriban mita 63 juu ya bahari pamoja na ziada hizo. Mnara wa mita 45 juu ya kilima cha mita 30 unafaa, mnara uleule ufukweni haufai.

Usiruke kwenda upande wa pili ukadhani kuwa kadiri mnara unavyokuwa mrefu ndivyo bora. Bahari shwari ni kioo. Mawimbi yanayoakisiwa na maji hufika kwa antena yakiwa yamechelewa kidogo, na yakikutana vibaya na yale ya moja kwa moja, yanafutana. Maji yakijaa au kupwa, mahali pa kuakisia panahama, na ndiyo maana kiungo kinaweza kuanguka kwa saa fulani kila siku na saa hiyo ikasogea mbele kadiri mwezi unavyokua. Ukiona kukatika kunakofuata maji, usibadilishe redio, utapoteza fedha. Tiba ni antena mbili za kupokea kwenye mnara mmoja, moja juu moja chini, zilizoachana mita kadhaa, kwa sababu inayofutwa juu mara nyingi haifutwi chini. Au weka upande mmoja juu sana na mwingine chini, ili mahali pa kuakisia paangukie karibu na upande wa chini, penye mikoko au nchi kavu isiyoakisi vizuri.

Ukilazimika kutumia masafa ya juu ya 10 GHz, mvua ya masika inakuwa adui wa kwanza. Kiasi cha mvua unakipata ITU-R P.837, na hasara kwa kila kilomita P.838. Usichukue jedwali la mtengenezaji wa redio lililohesabiwa kwa Ulaya.

Redio inayoingiliwa kutoka ng'ambo

FM ya eneo letu la dunia inafuata makubaliano ya Geneva ya 1984, yanayogawa 87.5 hadi 108 MHz kwa nchi. Vipimo vya kupangia viko ITU-R BS.412. Kwa stereo vijijini, mawimbi yanayohitajika ni 54 dB (desibeli, kipimo cha nguvu ya mawimbi) juu ya mikrovolti kwa mita, kwa antena iliyo mita 10 juu. Kituo kingine cha masafa yaleyale kinachokuja kwa muda mfupi kupitia hali ya hewa kinapaswa kuwa chini kwa 37 dB. Kwa hiyo msikilizaji wa Konde mwenye 54 anaanza kuharibiwa pale kituo cha ng'ambo kinapovuka 17. Hicho ni kiasi kidogo sana, na usiku wa utulivu, hewa ya joto ikilala juu ya hewa yenye unyevu wa baharini, mawimbi ya pwani ya Kenya au ya Tanga husafiri kama ndani ya bomba.

Kabla ya kulalamika, tofautisha. Kituo cha ng'ambo kikisikika usiku tu, siku za shwari, kisha kikatoweka upepo ukirudi, hiyo ni hewa, na karibu hakuna wa kulaumiwa. Kikisikika mchana na usiku, kusi na kaskazi, basi kuna mtu anatumia nguvu au masafa yasiyo yake, na una kesi.

Kesi hiyo huijengi kwa barua ya hasira. Kiambatisho cha 10 cha Kanuni za Redio kina fomu ya taarifa ya kuingiliwa. Itumie hata kwa taarifa yako ya kwanza kwa TCRA. Jaza masafa yaliyopimwa kwa desimali, jina au alama ya kituo kinachoingilia kama kilivyojitaja hewani, nguvu ya mawimbi, mwelekeo yanakotoka kwa digrii (zungusha antena yenye mwelekeo hadi yaongezeke zaidi), mahali ulipopima na muda. Muda huwa chanzo cha makosa ya ajabu: fomu inataka saa ya dunia, UTC. Saa 2 usiku ya Kiswahili ni 20:00 ya Afrika Mashariki, na ni 17:00 UTC. Ukiandika "saa 2" bila maelezo, mtu wa Nairobi au Geneva atasoma usiku wa manane. Rekodi sauti dakika mbili tatu kila mara, siku saba au zaidi, na uandike hali ya upepo.

Kutoka hapo TCRA inazungumza na mamlaka ya nchi ya pili kwa mujibu wa Ibara ya 15 ya Kanuni hizo. Ofisi ya redio ya ITU huombwa msaada pale mamlaka mbili zikishindwa kuelewana. Geneva haipokei malalamiko ya kituo cha redio. Inapokea ya nchi. Ukiandika moja kwa moja, barua itarudi kwa TCRA, nawe umepoteza muda.

Kuna hatari kubwa zaidi ambayo redio huisababisha yenyewe. Mitambo miwili ya FM ikiwa mnara mmoja, inaweza kuzaa mawimbi ya tatu. Chukua 106.9 na 102.5 MHz: mara mbili ya 106.9 ukitoa 102.5 ni 111.3 MHz, na kuanzia 108 hadi karibu 118 MHz ni mali ya vifaa vya kuongozea ndege. Pemba na Unguja zote zina uwanja wa ndege karibu na makaazi. Fanya hesabu hii kwa kila jozi kabla ya kuwasha mtambo mpya, na kila mtambo uwe na kichujio chake. ITU-R SM.1009 inaeleza namna ya kukagua. Jambo hili halisubiri ukaguzi wa mtu mwingine.

Faiba ndani ya vichochoro

Mtandao wa faiba wa majumbani kwa kawaida unafuata ITU-T G.984, unaojulikana kama GPON. Daraja la kawaida, B+, linaruhusu hasara ya 28 dB kutoka kituoni hadi kwa mteja. Hesabu mfano: kilomita 12 kwa 0.35 dB ni 4.2, splita (kigawanyo cha mwanga) ya 1 kwa 32, weka 17.5, konekta nne kwa 0.5 ni 2. Maungio manane kwa 0.1 ni 0.8. Jumla 24.5, inabaki 3.5 dB ya akiba. Akiba hiyo ni ya ukarabati wa miaka ijayo, si ya kuongezea splita nyingine. Kifaa cha mteja cha B+ kinapokea hadi −27 dBm (desibeli zinazohesabiwa kutoka miliwati moja). Ukipima −26 siku ya kukabidhi, usikubali kazi.

Katika nyumba za Mji Mkongwe faiba inapita kona kali, fremu za milango na matundu yaliyotobolewa kwenye kuta nene. Faiba ya kawaida, G.652, haivumilii kona hizo. G.657.A2 inakubali kupinda hadi nusu kipenyo cha milimita 7.5, na inaungika na G.652 bila tabu. Kuijua hitilafu ya kupinda ni rahisi: pima kwa mwanga wa urefu wa wimbi 1310 nm (nanomita) na kwa 1550 nm. Ikiwa 1310 ni nzuri na 1550 imeharibika, kuna mahali faiba imebanwa. Zikiharibika zote, tafuta konekta chafu au uungaji mbaya. Karibu na ufukwe, chumvi na unyevu huingia kwenye masanduku ya nje. Kifuniko kisichofunga sawasawa hakimalizi masika mawili.

Namba za simu na IMEI

Namba yoyote ya kimataifa, kwa E.164, haizidi tarakimu 15. Yetu inaanza na 255, na simu za mezani za Zanzibar zinafuata 24. Kosa lililoenea kwenye tovuti na kadi za hoteli ni kuandika "+255 (0)24". E.123 inasema wazi kuwa mabano hayatumiki kwenye namba ya kimataifa, na sababu ni ya vitendo: mgeni aliyeko nje akigusa namba hiyo, simu yake inaweza kupiga ile sifuri na simu isiingie. Andika +255 24, kisha tarakimu saba.

IMEI unaipata kwa kupiga *#06#. Ni tarakimu 15: nane za aina ya simu, sita za simu yenyewe, moja ya ukaguzi. Kuihakiki, chukua 14 za mwanzo, zidisha mara mbili kila ya pili (ya 2, ya 4, na kuendelea), jibu likiwa la tarakimu mbili zijumlishe, kisha jumlisha zote. Kwa 49015420323751 jumla ni 52. Inayokosekana kufika 60 ni 8, kwa hiyo ya 15 lazima iwe 8. Ikitofautiana, namba imebuniwa. Kufaulu hesabu hii hakuthibitishi kuwa simu ni halali, kwa sababu namba nzuri inaweza kunakiliwa. Tuma IMEI kwenda 15090 uone jina la simu linalorudi, na ulinganishe na iliyo mkononi.

Anwani za intaneti

Kampuni yenye leseni inaomba AFRINIC yenyewe, bila kupitia serikali. Andaa usajili wa kampuni, leseni, mchoro wa mtandao na mpango wa matumizi wenye namba zinazojumlika. Maombi mengi hukwama hapo. IPv4, anwani za mfumo wa zamani, zimebaki chache: tangu Januari 2020 ombi moja linapata kati ya /24, yaani anwani 256, na /22, yaani 1,024. Omba IPv6, za mfumo mpya, papo hapo. Mtoa huduma hupata /32, na hiyo haiishi. AFRINIC imepita miaka ya kesi mahakamani tangu 2021, basi weka muda wa ziada kwenye ratiba yako. Ukishapata, tia saini za RPKI (uthibitisho wa kidijitali kuwa anwani ni zako) kwa anwani zako siku ileile, ili mwingine asizitangaze kama zake.

Kupeleka neno lako kwenye kikao

IETF ndiyo rahisi zaidi: haina uanachama, mtu yeyote anajiunga na orodha ya barua pepe ya kikundi na kuandika. Majadiliano ya sera za AFRINIC pia yako wazi kwa wote. ITU inataka upitie kwa mwanachama: serikali, kampuni, au chuo kikuu kilichojiunga, na vyuo vya nchi zinazoendelea hulipa ada ndogo zaidi.

Mchango kwa kikundi cha utafiti cha ITU-T lazima ufike angalau siku 12 kabla ya kikao. Usizidi kurasa tano. Taja swali la utafiti unalolijibu, eleza tatizo kwa vipimo, kisha andika maneno kamili unayotaka yaingie kwenye pendekezo, na mahali yanapoingia. Mchango unaosema "tunaomba jambo hili lizingatiwe" husomwa, hushukuriwa, na hauachi alama. Mchango wenye kifungu kilichokwisha kuandikwa huwalazimisha wengine kukikubali au kukijibu.

Kwa masafa, njia ni ndefu zaidi: kamati ya taifa, kisha EACO, jumuiya ya mawasiliano ya Afrika Mashariki yenye makao Kigali, kisha ATU, umoja wa mawasiliano wa Afrika ulioko Nairobi, unaokusanya msimamo wa Afrika, ndipo mkutano wa dunia wa redio. Ujao ni Shanghai mwaka 2027, na ajenda yake ilishapangwa Dubai 2023. Hoja mpya inayoanza leo inalenga ajenda ya mkutano utakaofuata huo.

Hoja moja inayostahili kuandikwa kutoka huku ni hii. ITU-D ina mipango ya nchi ndogo za visiwa, na orodha yake ni ya nchi. Komoro imo, Shelisheli imo. Unguja na Pemba zina shida zilezile za bahari, gharama za kuvusha mkongo na mitambo inayoliwa na chumvi, lakini hazimo kwa sababu Tanzania si nchi ya visiwa. Hadi hilo libadilike, tumia dirisha la nchi zenye maendeleo duni, ambalo Tanzania imo, na maswali ya utafiti kuhusu vijijini na maeneo ya mbali. Katika mchango, tenga takwimu za Pemba na za Unguja badala ya kuziacha ndani ya wastani wa taifa: skuli ngapi zina intaneti, shehia zipi hazina mnara, mkongo ulikatika mara ngapi na ulichukua siku ngapi kurudi.

Vikao vingi vinafuatiliwa kwa mtandao. Kikao cha saa 9:30 asubuhi Geneva wakati wa baridi ni saa 5:30 asubuhi kwetu kwa saa ya Kiswahili. Wakati wa joto ni saa 4:30. Jisajili mapema, kwa kuwa mwakilishi wa nchi au wa taasisi yako lazima akuidhinishe kabla hujaruhusiwa kuingia. Uwepo mtandaoni pale mchango wako unapoitwa. Kama hakuna wa kuuwasilisha, mwenyekiti anaweza kupita akaenda unaofuata, na kikao kijacho kinaweza kuwa baada ya miezi tisa.